Matanga ya Baba Délice, Mwenyewe Akiwepo

Nyumba yetu na nyumba ya Bernardine zilishikana ukuta mmoja wa matofali mabichi, huko Kasenga, mjini Uvira, Kongo, na ukuta ule haukuficha kitu. Niliijua ndoa ya Bernardine kuliko padri aliyewafungisha. Mwanamke yule hakujua kusema polepole. Akiamka anagombana, akisonga ugali anagombana, na akitoka soko la Mulongwe, alikouza unga wa muhogo, alianza kugombana tangu barabarani ili akifika mlangoni awe tayari katikati ya maneno. Mumewe Gratien alikuwa mwashi, naye si mtu wa kutafuna maneno. Walipokezana. Huyu akitupa lake, yule anajibu, kisha zamu inarudi kwa huyu, na mimi upande wa pili nakaanga ndagala wangu, dagaa wa ziwa letu, nikicheka peke yangu.

Watu wa shirika letu la kanisa walikuja siku moja kuwapatanisha. Walifukuzwa na wote wawili kwa pamoja. Bernardine aliwaambia kwamba hapa hakuna ugomvi, hapa watu wanaongea.

Wote wawili walikuwa Warundi wa bonde la Ruzizi. Gratien alitoka Runingu, Bernardine alizaliwa upande wa Kamanyola katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Vita ya kwanza iliwaleta mjini wakiwa na godoro moja, binti yao Délice, na mwiko wa uashi. Vita ya pili iliwakuta hawajamaliza nyumba, kwa maana Gratien alijengea watu wote isipokuwa yeye mwenyewe. Ukuta wao wa nyuma ulifika kiunoni ukakomea hapo, umezibwa kwa turubai. Kuhusu ukuta ule tu ningeweza kuwasimulia mpaka mchoke.

Halafu Gratien akaanza kuvimba tumbo huku mikono na shingo vikikonda. Bernardine alimpeleka kwa mganga wa majani kule juu milimani. Akampeleka kwenye chumba cha maombi, akafungishwa, mgonjwa mzima akakaa na njaa. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa ya malaria, na aliporudi wakampa dawa ya minyoo. Mwishoni walivuka mpaka pale Kavimvira wakaenda Bujumbura, ambako Délice alikuwa ameolewa. Daktari wa kule alimpima, akamwita Bernardine kwenye korido, akamwambia ni kansa ya ini, imeshakula sana, hakuna la kufanya. Arudi naye nyumbani, ampe anachopenda kula.

Sasa nisikilizeni ujinga wetu. Kwetu mgonjwa wa namna ile haambiwi. Wanaambiwa ndugu zake, anaambiwa jirani, anaambiwa hata muuza makaa wa kwenye kona, lakini mwenye ini ndiye anafichwa. Ati ukimwambia utamuua. Basi Bernardine alirudi Uvira akatueleza sisi wote kwa kunong'ona, avenyu nzima ikajua, na tukipita mbele ya Gratien tunamwambia tumbo linaanza kushuka. Lilikuwa linapanda, na kila mwenye macho aliliona.

Lakini hilo halikunichosha kama lile lililofuata. Bernardine aliacha kugombana.

Mwanzoni nilidhani amechoka na safari. Siku ya kwanza, Gratien akijikokota kwenda nje, alipiga teke beseni la unga. Unga wote, wa kuuza kesho yake, ukamwagika kwenye vumbi. Niliweka kijiko chini ili nisikie vizuri. Nikasikia Bernardine anasema, "Si kitu, baba. Pole." Pole! Mwili ulinisisimka. Tangu siku ile ikawa "ndiyo, baba" na "sawa, baba", kwa sauti nyembamba ambayo sijui aliitoa wapi. Gratien alilalamika kwamba ndagala ina mchanga, akaambiwa ndiyo, baba. Alilalamika kwamba haina mchanga, akaambiwa ndiyo, baba. Mwisho hata yeye aliacha kulalamika, nyumba ikawa kimya, na mimi nikawa napika kwa huzuni.

Kumbe mwenzangu alikuwa amekwisha kumzika. Alikuwa amechagua kitenge atakachovaa nyuma ya jeneza. Alikuwa amefikiria nani atabeba msalaba. Aliniambia kwamba akimwangalia Gratien amekaa kwenye kiti chake, anaona kiti tu. Alilia chooni asubuhi, alilia kwenye moshi wa jiko mchana, na mtu akimuuliza alisema ni moshi. Siku moja tulikuwa kwenye bomba la maji, akaweka bidoni lake la maji chini.

"Mama Kizito," aliniambia, "minye niko mujane, na bwana yangu iko anakula."

"Usiseme vile, Mama Délice."

"Niseme namna gani? Kila asubuhi naangalia kama iko anapumua. Nikikuta anapumua, nafurahi. Kisha nakasirika. Nasema, leo tena? Tutarudilia tena ile yote leo? Ni muntu gani anawaza vile juu ya bwana yake?"

"Muntu mwenye amechoka."

"Hapana. Muntu mubaya."

Alijitwika maji yake akaenda. Nilitaka kumkimbilia nimwambie aende amgombeze yule mwanaume kidogo, apumue. Sikumwambia. Nani anamwambia mtu agombane na mgonjwa wa kansa?

Mambo yalikuwa hivyo mwaka ule wa 2002, wakati habari za vita zilipoanza tena kushuka kutoka milimani. Kila siku tuliambiwa kwamba wale wapiganaji wa msituni wanakuja kuuchukua mji, na kwamba askari walioushika mji wataifunga barabara ya bondeni. Vizuizi viliongezeka. Watu wa Runingu walisikia, wakakaa chini, wakafanya hesabu zao. Na kwa hesabu zao, asubuhi moja Térence, kaka mkubwa wa Gratien, aliingia katika parseli yetu, yaani kiwanja chetu sote, akiwa na wake za ndugu, shangazi, mikeka mitatu ya kukunjwa, sufuria kubwa, na madumu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Nilidhani wamekuja kumsalimia mgonjwa. Hapana. Walitandika mikeka uani, wakawasha moto, wanawake wakajifunga vitenge kichwani. Térence alimwita Bernardine pembeni, yaani mbele yangu.

"Mama Délice," alisema, "unajua barabara itafungwa. Akifa na barabara imefungwa, bantu batasema ndugu yake hakumulilia. Batasema mpaka minye pia nife. Sasa tumekuja kulia mbele, tukiwa na njia."

Mimi niliipua sufuria yangu kabisa. Nilisema moyoni, leo ndiyo leo, leo Térence atarudi Runingu bila kugusa barabara. Nikangoja mlipuko.

"Karibuni, shemeji," alisema Bernardine, na akaenda kuleta viti.

Jamani! Nilitamani kumtikisa. Lakini bado, Térence hakuwa amemaliza. Kwa Warundi wa bonde, kumzika mtu hakumalizi matanga. Yanaisha baadaye, siku ya kuganduka, ambapo familia inakusanyika, inanywa pombe, mkubwa anasimulia maisha ya marehemu, kisha anawaambia watu kilio kimekwisha, kila mtu arudi kazini. Mpaka siku hiyo wafiwa hawako huru. Térence aliwaza kwamba kwa kuwa wamefika, na pombe imeiva, na mpunga unangoja kupaliliwa, ingekuwa vizuri waganduke papo hapo. Atakapokufa, sisi wa mjini tutamzika tu, mambo mengine yatakuwa yamekwisha kufanyika. Alilieleza hilo kwa utulivu, kama mtu anayepanga safari ya sokoni. Nilitafuta mmoja kati yao atakayeshangaa, nikamkosa.

Shangazi mmoja alipapasa mwanzo wa mkeka, mahali pa mjane. "Ikala hapa, mwanangu," alisema. Na Bernardine akaenda akakaa. Akavuta kitenge mpaka usoni, akainamisha kichwa. Mumewe yuko ndani, nyuma ya pazia la mlango, anaomba maji ya kunywa, na yeye yuko uani amekaa pa mjane.

Térence alisimama na kikombe chake. "Ndugu yetu Gratien," alianza, "alikuwa muntu mupole. Alikuwa muntu wa kunyamaza."

Pazia likafunguka. Gratien alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, tumbo mbele, miguu miembamba inatetemeka ndani ya kaptula. Macho yake yalikuwa ya njano.

"Ni nani amekufa?" aliuliza.

Moto ulilia peke yake.

"Térence, nakuuliza. Unamulilia nani? Kama ni muntu wa kunyamaza, si minye. Nenda umutafute kwao."

"Kaa chini, mudogo wangu," alisema Térence, "usijichokeshe."

Gratien hakumsikiliza tena. Alikuwa anamtazama mkewe pale kwenye mkeka.

"Hawa bantu ya kwetu nawajua," alimwambia. "Hata nikiwa na mafua tu, batakuja kulia. Lakini weye, Bernardine? Weye umekaa pa mujane, na minye niko nakuomba maji?"

Bernardine aliinua uso. "Ulijua?"

"Tangu tulitoka Bujumbura."

"Nani alikuambia?"

"Ni weye mwenyewe. Nilimwanga unga yako yote ku mavumbi, ukasema si kitu, baba. Nikasema moyoni, kumbe nimekufa. Sababu kama ningekuwa hai, Bernardine angeniua."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka kisha akajiziba mdomo. Bernardine alisimama polepole. Kitenge kilimwanguka kichwani, hakukiokota.

"Weye ulijua," alisema, na sauti yake, ile ya zamani, nikaisikia inatafuta njia. "Ulijua, na ukaniacha nalia mu choo. Kila siku mu choo, Gratien! Na ile harufu yote! Weye uko kitandani unasikiliza?"

"Nilikuwa nangoja ugombane. Miezi yote hii nangoja. Nimekuwa na muntu mu nyumba mugonjwa kuliko minye. Nigombeze, basi, Bernardine. Minye si maiti."

Akamgombeza. Ee, akamgombeza! Alianza na dawa anazomwaga chini ya kitanda akidhani hazionekani. Akaja kwenye sweta asilotaka kuvaa, akaja kwenye supu ya kuku aliyompa paka. Akafika kwenye ukuta wa nyuma, na pale akatulia kabisa kama mtu aliyefika kwao: mwashi mzima, nyumba za Uvira zote zina kuta, yake ina turubai, mvua inaingia, na sasa anataka kufa amwachie turubai lile pamoja na ndugu hawa wenye madumu. Térence alitazama kikombe chake. Bernardine alikuwa anatoa mate, anapiga makofi, shingo imesimama. Kisha katikati ya neno sauti ikamvunjika.

"Unakufa, Gratien," alisema. "Unakufa, na minye sitaki."

"Najua," alisema Gratien. "Minye pia sitaki."

Alimsogelea hatua kwa hatua, Bernardine akampokea, wakakaa wote wawili pa mjane. Walilia pale mbele ya watu wote bila aibu, na mimi nililia kwenye ugali wangu. Tulikaa hivyo mpaka Térence akakohoa na kuuliza kwa heshima kama pombe inaweza kuendelea.

Iliendelea. Gratien alivuta kasiksi kidogo kwa mrija, na kila Térence aliposema jambo zuri juu yake, alimsahihisha. Ilipofika saa ya kuwaambia watu kilio kimekwisha, ilionekana ni vibaya mwingine kusema, basi alisema mwenyewe. "Rudini ku mpunga," aliwaambia. Wakakunja mikeka, wakamkumbatia, wanawake wakalia kweli safari hii, wakaenda zao bondeni. Barabara ilifungwa baada yao kama walivyosema.

Kilichofuata ndicho kipindi ninachokikumbuka kwa furaha, Mungu anisamehe. Ukuta wetu ukawa na sauti tena. Waligombana juu ya suti: Gratien alitaka kuzikwa nayo, Bernardine akasema suti nzima haiendi chini. Waligombana kama azikwe Uvira au asubiri njia ya Runingu ifunguke. "Nitasubiri ndani ya nini, Bernardine? Ndani ya chumvi kama samaki?" Padri alikuja na mafuta ya wagonjwa, akakaa kwenye kiti mpaka wamalize. Gratien alitaka kumaliza ukuta wa nyuma, na kwa kuwa mikono haikuwa na nguvu, alikaa kwenye kigoda akaamrisha, Bernardine akaweka matofali. Aliyaweka vibaya mno. Nilisikia matusi ya ufundi ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia, na nilisikia Bernardine akimwambia kwamba kama hapendi, ainuke aje ajenge. Akilia sasa, alilia mbele yake, na Gratien alimwambia alie upande ule mwingine asilowanishe udongo.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Maumivu yaliingia. Kuna siku Gratien alimtukana kwa ukali kweli, si kwa mchezo, na Bernardine alitoka akaja kukaa kwangu. Alinuka dawa na jasho la mgonjwa. "Nimechoka, Mama Kizito," alisema, "na nikifikiria kwamba kuchoka kutaisha, nataka kutapika." Akanywa chai, akarudi kwake, nikasikia anaanza tangu mlangoni.

Halafu mwezi wa kumi vita ikaingia mjini. Wale wa msituni walishuka kutoka milimani, askari wakakimbia, kisha askari wakarudi kuuchukua mji tena, na sisi tuko katikati. Watu waliondoka na magodoro kuelekea Kavimvira, wavuke kwenda Gatumba, upande wa Burundi. Délice alikuwa ametuma neno kwamba mama yake avuke haraka. Sisi tulichelewa. Mume wangu alisema njia ya Kavimvira ina risasi kuliko nyumbani, akatulaza chini sakafuni mchana ule, mimi na watoto, vichwa vimeelekea ukuta wa Bernardine.

Risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati. Na chini ya risasi niliwasikia wao. Gratien alikuwa anasema kwa shida, neno moja moja, lakini alisema.

"Nenda kwa mutoto. Nenda sasa."

"Siendi."

"Unafia hapa sababu gani? Sababu ya maiti?"

"Weye si maiti mpaka minye niseme."

"Kichwa ya jiwe. Tangu nilikuoa."

"Nani alikuambia unioe? Baba yako alikuonya, akakuambia ule mutoto wa Kamanyola ana kinywa, ukajifanya kiziwi!"

"Nilipenda kinywa." Alipumua kwa muda. "Nenda, Bernardine. Nakuomba."

"Usiniombe! Weye hauniombake kitu. Kama unataka niende, simama unifukuze."

Nilingoja jibu. Mume wangu pia, nilimwona amegeuza sikio. Hata watoto wetu walikuwa wanangoja, kwa sababu walikulia kwenye ugomvi ule na walijua zamu ni ya nani.

"Gratien," alisema Bernardine. "Nimesema simama unifukuze."

Bunduki zilipiga kule upande wa bandari, zikaacha.

"Jibu, basi."

Hakugomba. Alisema kwa sauti ile nyembamba, ya siku za unga, sauti niliyoichukia. "Jibu, baba. Ni zamu yako."

Kisha alilia. Nilitambaa mpaka mlangoni, mume wangu ameshika kitenge changu, kitenge kikabaki mkononi mwake. Katika kutambaa kule nilikuwa namsikia, na nilielewa kwamba nilijidanganya kama Térence. Nilikuwa nimedhani mwanamke huyu alikwisha kulia kidogo kidogo, chooni, kwenye moshi, kwenye mkeka, na kwamba siku yenyewe ikifika atabakiwa na machozi machache. Alikuwa hajaanza.